Aoko na Kaseti Iliyotaja Majina

Haya ninayoyaandika hamtayaamini, na sitawalaumu. Hata pale Kaloleni, mtaa wetu wa Kisumu, ambako kuna mtu anaapa kwamba aliwahi kuishinda treni ya Nairobi kwa baiskeli na watu wanamwamini, mimi nilipoyasimulia haya waliangua kicheko. Shauri yao. Naitwa Ouma, nimesoma mpaka darasa la sita, na la saba niliacha mwenyewe kwa sababu mwalimu alianza kuniuliza vitu ambavyo hata yeye hakuwa na hakika navyo. Ninaandika huku nikijisomea kwa sauti, maana ndivyo tulivyofundishwa, kwa hiyo kama kuna mtu upande wa pili wa ukuta anasikiliza, atasikia sawasawa.

Habari yenyewe ni ya Dorca Aoko, mtoto wa dada yangu Selpha. Aoko ni mfupi, mabega mapana, mdomo hana. Ukimsalimia leo anakujibu kesho. Lakini mpe vijiti viwili na kitu chochote kilichowambwa ngozi, hapo utatafuta pa kushika. Kipaji hicho kimetoka upande wetu. Baba yake, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa reli, na kitu pekee alichojua kupiga ni chafya.

Ngoma alijifunzia kanisani. Kanisa la mama yake ni la Roho, lile la kanzu nyeupe na msalaba mwekundu kifuani, ambalo watu wake huenda barabarani wakiimba na ngoma ikiwa mbele. Huko msichana kupiga ngoma si ajabu. Baba yake alipokufa ndipo alipokabidhiwa ile kubwa kwa mara ya kwanza, amsindikize mwenyewe kutoka mochari. Tangu hapo Jumamosi zake hazikuwa zake. Na upo mdundo mmoja ambao wanautumia kusindikizia maiti tu: mbili nzito, kimya, halafu moja nyepesi inayochelewa, kama mtu anayeburuta mguu. Haupigwi harusini, haupigwi Krismasi. Ukipita barabarani, wenye vibanda huzima redio na wanawake huwavuta watoto ndani. Mikono ya Aoko iliujua mdundo huo kabla haijajua kusuka nywele. Ushikeni vizuri, maana shida yote ilitoka hapo.

Sasa bendi. Mwaka wa themanini na tisa kijana mmoja wa Migosi, Nicodemus Obiero, alikuja kumwomba dada yangu sebule ya kufanyia mazoezi. Obiero alikuwa na gita la umeme na ugonjwa unaoitwa bluzi. Mwalimu mmoja Mwamerika aliyefundisha shuleni kwao alipokwenda zake alimwachia santuri zake, muziki wa watu weusi wa kule, gita linalolia kama mtu aliyenyang'anywa shamba, na nyingine za rock zenye kelele ya mabati yanayong'olewa na upepo. Obiero akachanganya yote hayo na benga ya nyumbani. Rafiki yake alikuwa Masinde, Mluhya wa Kinyala kutoka Port Victoria, mrefu kama nguzo ya simu, ambaye alipiga gita la besi kama mtu anayevuta nyavu: polepole, bila kusema neno. Mpiga ngoma hawakuwa naye.

"Mchukueni Aoko," nikawaambia.

Obiero akamtazama, akanitazama. "Lakini Mjomba, huyu si msichana?"

"Na hilo gita lako ni mwanamume?"

Ndivyo Radi Trio ilivyozaliwa, na jina hilo nililitoa mimi nikiwa bafuni. Bendi za Kisumu siku zile zilikuwa na watu wanane, tisa, mbali na wachezaji wa kukata viuno. Hawa walipopanda jukwaani watatu, watu waliuliza, "Wenzenu wamechelewa basi?" Kisha Aoko anagonga mara moja, na aliyeuliza anasahau alichouliza. Mimi nilikuwa meneja wao. Kuna watu watawaambia nilikuwa mbeba spika. Meneja anayeijua kazi yake hubeba spika mwenyewe.

Tuje kwenye kaseti. Mwaka wa tisini na saba walirekodi mpya, wakaiita *Niite kwa Jina*. Na hapa lazima nimweleze asiye wa kwetu. Huku ziwani, bendi haitoi wimbo bila kutaja watu. Aliyekulisha, aliyekulaza, aliyekuazima gari, unamtaja. Katikati ya wimbo gita linashuka, mwimbaji anaita jina lako na la kwenu, na kaseti hiyo ikipigwa dukani Homa Bay au kinyozini Mbita, wewe upo. Kuna watu wameacha kununua suti ili watajwe. Basi wimbo wa mwisho wa kaseti ulikuwa na majina manne, kwa mpangilio huu: Dishon wa Migosi, fundi redio aliyewatengenezea spika, Anyango, mwenye hoteli ya samaki pale ufukweni, Simiyu wa Port Victoria, baba mdogo wake Masinde, mchuuzi wa samaki ambaye pikapu yake ndiyo ilikuwa miguu yetu, na mwisho kabisa, Selpha wa Kaloleni.

Dada yangu alikataa. Alikuwa amechuchumaa nje akikaanga mgongo wazi, yale mafupa ya samaki aina ya mbuta yanayobaki viwandani baada ya minofu kwenda Ulaya, maana ndiyo biashara yake. "Msinitie huko. Tajeni watu wenye magari."

"Mama, wewe ndiye umetuvumilia kelele miaka yote hii," akasema Obiero.

"Basi nilipeni kwa kunyamaza."

Hawakumsikiliza. Tukaenda studio Nairobi. Walipiga tangu asubuhi, na wimbo wa mwisho ulipofika mikono ya Aoko ilikuwa imevimba. Mwenye studio akamwambia kupitia kile kioo, "Hapo kwenye majina punguza, dada, majina yasikike." Akapunguza. Na mikono iliyochoka ikaenda ilikozoea kwenda. Mbili nzito, kimya, moja inayochelewa. Obiero akaita: "Dishon wa Migosi..." Mbili nzito, kimya, moja. "Anyango wa ufukweni..." Mwenye studio akainua kidole gumba. "Hapo hapo! Usiguse kitu!" Obiero ni wa kanisa la kinanda, Masinde ni wa kanisa la kengele, hakuna aliyejua. Mimi nilikuwa mlangoni nikilinda vyombo, nimefumba macho ili nisikie vizuri.

Kaseti ilitoka mwezi wa nane. Wiki ileile Dishon akafa.

Alikuwa amekonda tangu Krismasi, nisidanganye. Miaka ile ukisimama barabara kuu ya Kisumu siku ya Ijumaa ungeona majeneza juu ya magari yakielekea mashambani, moja nyuma ya jingine, na kila nyumba ilikuwa na jina la ugonjwa ambalo hakuna aliyelitamka. Aoko alimsindikiza Dishon na ngoma, kama alivyowasindikiza wengine. Tulipofika kwao, kabla ya maiti kuteremshwa, shemeji yake Dishon akataka kumheshimu. Akafunga spika mbili juu ya mti, zile alizozitengeneza marehemu mwenyewe, akapiga kaseti. Wimbo wa mwisho. Watu wakatikisa vichwa. Gita likashuka, Obiero akaanza kuita majina.

Mbili nzito. Kimya. Moja inayochelewa.

Wale wanawake wa kanzu nyeupe waligeuka wote pamoja, kama kuku waliosikia mwewe. Hawakuangalia spika. Walimwangalia Aoko, aliyekuwa amesimama na ngoma shingoni, ngoma ambayo asubuhi hiyohiyo ilikuwa imempigia Dishon mdundo uleule. Nilimwona akishika nguzo ya hema. Mama Jentrix, mkubwa wao, akasogea mpaka karibu, akauliza kwa sauti ndogo ambayo ilisikika mpaka kwenye kaburi:

"Aoko, mtoto wangu. Huyu tumemfikisha. Hawa wengine watatu unawapeleka wapi?"

Kaseti ikaendelea. "Selpha wa Kaloleni," ikaita sauti ya Obiero kwenye spika, na jina la dada yangu likapita juu ya jeneza la mtu mwingine, likiburuta mguu.

Mimi siogopi kitu. Niliwahi kumfukuza chatu kwa kofia. Lakini siku hiyo mkate wa matanga niliuacha sahanini.

Ziara ilikuwa imekwisha kutangazwa: Bondo, Usenge, kisha Port Victoria. Njiani Obiero alijaribu kuwa mtu wa akili. "Aoko, Dishon aliugua kabla hatujaenda studio. Unajua. Ngoma haiui mtu."

"Najua," akasema Aoko.

"Basi?"

"Basi tungoje tuone."

Hatukungoja sana. Tulikuwa Bondo, tunafunga nyaya, alipofika dereva mmoja wa Kisumu akasema Anyango amekufa. Kipindupindu kilikuwa kimeingia ufukweni; alitapika asubuhi, jioni hakuwepo. Mwanamke mnene, mcheshi, aliyekuwa akinipa kichwa cha samaki wa ngege bure kwa sababu ya sura yangu. Masinde akaketi juu ya spika. Aoko peke yake ndiye aliyesema, akiwa anakaza ngozi ya ngoma, bila kuinua macho:

"Kwa mpangilio."

Tangu hapo habari ilitutangulia kila mahali. Usenge ukumbi ulijaa mchana, watu wakacheza hadi vumbi likatoka dirishani. Lakini wimbo ule ulipoanza, na gita likashuka tu, kabla hata Obiero hajavuta pumzi, watu walitoka! Waliokuwa karibu na mlango walipita mlangoni, waliokuwa mbali walipita madirishani, na mama mmoja alimsahau mume wake humo ndani. Baadaye akaja bwana mmoja mwenye kofia ya kuchomeka unyoya, ambaye alikuwa ametuletea kreti ya soda ili atajwe. Alisimama mbali, kama mtu anayezungumza na mbwa asiyemjua.

"Soda mnywe," akasema. "Lakini jina langu mnirudishie."

"Hatujakutaja bado, Mzee," nikamwambia.

"Hata kulifikiria. Acheni kulifikiria."

Tulicheka, lakini si sana. Aoko hakucheka kabisa. Alikuwa ameanza tabia ya kuingia kila duka lenye redio akiomba wazime kaseti. Wengine walizima. Akitoka, jirani yao anaipiga. Kaseti ilikuwa imefika kila mahali, ndiyo iliyokuwa ikiuzwa kuliko zote, na watu wengine waliinunua kwa sababu ya woga wenyewe, ili wasikie kama kweli. Pale sokoni Usenge nilimkuta amesimama katikati ya vibanda, redio tatu zinamtaja mama yake kwa zamu, ameziba masikio kwa viganja kama mtoto.

Tulirudi Kisumu kwa siku chache kabla ya Port Victoria. Dada yangu alikuwa anakohoa.

Kikohozi cha moshi, alisema mwenyewe, kila anayekaanga samaki anacho. Lakini Aoko aliketi mlangoni akikisikiliza kila kinapokuja, na niliona vidole vyake vikikihesabu juu ya goti. Alikuwa amekonda, yeye aliyekuwa na mabega. Akamwambia mama yake kila kitu, na dada yangu akaendelea kugeuza samaki.

"Sitaenda Port Victoria," akasema Aoko. "Simiyu ndiye anayefuata. Yeye akienda, anayefuata ni wewe. Sitapiga tena ngoma. Nitazichoma."

"Na huyo Simiyu anasemaje?"

Simiyu alikuwa amemtumia Masinde salamu. Alikuwa amesikia, na amecheka. Alisema tuje tumtaje akiwa amesimama mbele ya watu wake wote, waone kwamba mtu hafi kwa gita.

"Basi mwanamume ameita," akasema dada yangu. "Nenda. Kama nimetajwa, nimetajwa. Hata ukikaa hapo mlangoni jina halitoki kwenye kaseti." Akakohoa, akafuta mdomo kwa kanga. "Na usinitazame hivyo, nyathina. Unanitazama kama mtu anayepima ubao wa jeneza."

Ile *nyathina*, mtoto wangu, dada yangu hakuwa mtu wa kuisema ovyo. Aoko aliinuka akatoka nje. Alfajiri aliingia kwenye pikapu bila kuagana, kwa kuogopa kuaga.

Tulizunguka kinamasi cha Yala na vumbi lake, na mchana tukafika Port Victoria. Ziwa halikuwepo. Naapa. Mahali pa ziwa palikuwa na shamba. Gugu maji lilikuwa limeziba ghuba yote, kijani, maua ya zambarau, mpaka macho yanapoishia, na mawimbi yalikuwa yamekufa chini yake. Ukisimama ufukweni uliona mashua zimekwama kana kwamba zimeoteshwa. Upande wa kisiwani anga lilikuwa jeusi kama sufuria. Na pale tulipotarajia watu wa kucheza, palikuwa na kundi la watu wamesimama kimya wakitazama upande mmoja.

Mwanamke mmoja akatoka kwenye kundi. Masinde akanong'ona, "Ni Mama Nasambu. Mke wa Baba Mdogo."

Nasambu hakumsalimia hata Masinde. "Nani kati yenu anapiga ngoma?"

Aoko akainua mkono.

"Mume wangu alivuka asubuhi kwenda kisiwani kuleta samaki wa wageni. Wageni ni nyinyi. Upepo ukageuka, magugu yakafunga. Mashua mbili zimejaribu kumfuata zimerudi. Sasa mvua inakuja, na humo ndani kuna mamba na viboko, na mashua yake ina ufa ambao alisema atauziba kesho." Sauti yake haikupanda. Ingekuwa afadhali angepiga kelele. "Wawili waliotajwa mbele yake mmewazika. Si kweli?"

"Ni kweli, Mama," akasema Aoko.

"Ulimwita kwa njia ya wafu. Sasa mwite kwa njia ya kurudi."

"Mama, hakuna mdundo wa kurudi." Hayo ndiyo maneno marefu niliyowahi kumsikia akimwambia mgeni. "Kanisani tukishazika tunarudi kimya. Ngoma inafunikwa kitambaa. Hakuna. Sijui."

"Basi utajua leo," akasema Nasambu, na wanaume wawili wakasogea nyuma ya pikapu tuliyokuja nayo, si kwa ubaya sana, lakini wakasimama pale.

Tukashusha vyombo. Nilishusha mimi, spika mbili kwa mara moja. Tukaviweka chini ya paa la bati wanapopimia samaki, tukaelekeza spika kwenye yale magugu. Jenereta ikawaka. Mvua ikaanza kwa matone makubwa, halafu ikaja yote, na kisiwa kikatoweka, na magugu yakatoweka, na kukabaki ukuta mweupe mbele yetu. Obiero alishika gita. Masinde alikuwa analia waziwazi, mrefu vile.

Aoko aliketi nyuma ya ngoma zake na hakupiga. Niliinama nikamwambia, "Piga chochote."

"Mjomba, nikikosea nammaliza." Midomo yake ilikuwa imekauka. "Nikianza tu mikono itakwenda kule. Naijua. Itakwenda kule. Na nyuma ya Simiyu yuko mama."

Nikaitazama hiyo mikono. Ilikuwa juu ya magoti, imeshikana, mmoja umeushika mwingine kama askari ameshika mwizi. Watu wakangoja. Upepo ukapiga bati juu yetu, na mahali fulani kwenye bati hilo palikuwa na msumari uliolegea, likawa linagonga: ta-ta-ta, ta. Ta-ta-ta, ta. Hovyo hovyo tu. Nikaona kichwa cha Aoko kinainuka.

Mnajua mtoto wa Kaloleni anavyoitwa nyumbani? Haitwi kwa jina, majina yamejaa pale, ukiita Otieno wanakuja kumi. Kila mama ana namna yake ya kugonga karai. Dada yangu hupiga karai lake la samaki kwa mwiko, mara tatu za haraka na moja ya hasira, ta-ta-ta, ta, na Aoko popote alipokuwa, kwenye reli, kwenye maembe ya watu, aliacha akakimbia, maana karai likigongwa hivyo mara ya tatu hajafika, chakula napewa mimi.

Akachukua vijiti. Akapiga hiyo. Ta-ta-ta, ta. Si ya kanisa, si ya bluzi, ni ya ugali umeiva na wewe uko wapi. Kwanza polepole, mikono ikijaribu kumtoroka. Niliona mkono wa kulia ukizama mara mbili kutafuta ile nzito, na akaurudisha kwa nguvu, akiuma mdomo hadi damu ikatoka. Halafu ikakaa. Besi ikaingia chini yake. Obiero akavuta waya mmoja mrefu unaolia, akapaza sauti: "Simiyu! Simiyu wa Port Victoria!"

Wanawake waliokuwa wamejifunika kanga waliinua vichwa. Wote walijua mlio wa karai la kumwita mtoto. Mmoja akaokota sufuria, mwingine akagonga ndoo, na Nasambu, aliyekuwa hajalia, akachukua jiwe akaanza kugonga mzani wa samaki, ta-ta-ta, ta, huku akisema kitu ambacho nadhani kilikuwa matusi kwa mume wake. Jenereta ikaingia maji ikazima. Gita likafa. Besi ikafa. Ngoma hazihitaji petroli. Aoko akaendelea peke yake na sufuria za watu, maji yakimtiririka usoni, na kila nilipomtazama midomo yake ilikuwa ikisema jina moja tu, na halikuwa Simiyu.

Sijui ilichukua muda gani. Muda wa kuogopa hauna saa. Nilifika mahali nikaona hata kama Simiyu amekwenda zamani, Aoko hatajua kuacha, atapiga mpaka avunje mkono. Kisha mtu kwenye kundi akasema, "Nyamazeni!" na hakuna aliyenyamaza, na akasema tena, "Kuna kitu!" Nasi tukaona, ndani ya ule ukuta mweupe, kitu cheusi. Kinasogea.

Hapa sasa ndipo watu hukataa kuniamini. Kile cheusi kilikuwa Simiyu mwenyewe, na hakuwa ndani ya mashua, hapana! Alikuwa anatembea juu ya magugu kwa miguu yake, suruali kavu, mbuta mkubwa kama mimi chini ya kila kwapa, na kwa sababu ya ule mdundo viboko saba wa ghuba ile walikuwa wamejipanga mbele yake mistari miwili, wakimfungulia njia kwa vichwa vyao, na yule mkubwa wao, nilimwona kama ninavyoiona kalamu hii, alikuwa anakifuata kile kipigo kwa masikio, ta-ta-ta, na alipofika ufukweni akanitazama mimi kwa heshima, akafungua mdomo na—

"Mjomba! Viboko gani? Viboko gani, Mjomba? Simiyu alikuja amelala ndani ya mashua anachota maji kwa kiatu, wenzake wawili wanasukuma na makasia, anatapika, na kitu cha kwanza alichouliza ni nani anayepiga sufuria zake! Na wewe ulikuwa chini ya pikapu, miguu peke yake ndiyo iliyoonekana! Futa hapo. Futa! Mama! Mama, hebu weka huo mwiko chini uje usikie ndugu yako anavyo... Na usijifanye kiziwi, Mjomba, umegongewa karai mara mbili tayari, ukingoja ya tatu nakula mimi."